Godoro la Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fundi Baridi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kiyoyozi kikigoma popote, kuanzia barabara ya lami hadi kule kwenye karakana za mbao, anaitwa yeye. Alikuwa na mazoea yake. Akishamaliza kufunga, humwomba mwenye nyumba kopo la maji, akapanda, akayamimina taratibu kwenye trei iliyo ndani ya kiyoyozi, halafu wote wakatoka nje kutazama mpira wa kutolea maji. Huwaeleza kwamba kiyoyozi hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo lisipopata njia ya kwenda nje hurudi ndani. Mpira ukianza kutiririsha, yeye husema, "Maji hayana adabu. Usipoyaonyesha njia, yatapita sebuleni." Watu wakacheka, wakampa soda.

Kopo hilo la maji alilimimina kila nyumba, isipokuwa ya kwake.

Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya joto kumwangusha. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya bati, presha ikampanda, majirani wakamkuta kalala chini karibu na jiko. Daktari akasema huyu asilale tena kwenye joto, mara ya pili hatainuka. Fundi akampa chumba cha nyuma na kuapa kumfungia kiyoyozi kwa mikono yake mwenyewe, na mkewe akamtazama kwa jicho ambalo hakuwa amelipata tangu harusi.

Siku ya kufunga, mama alikuwa amejilaza. Kitanda chake cha mbao nzito kiligusa ukuta wa nje, na ukuta huohuo ndio uliotakiwa kutobolewa. Kwa kawaida fundi husimama ndani, akatoboa kuelekea nje huku drili imeinama kidogo, ili maji yateremke. Lakini hapa kusimama ndani maana yake ni kupanda kitanda cha mama mkwe, naye mwenyewe yumo. Mkwe ni mkwe. Hata kumwomba ainuke kulimshinda. Alisema, "Wewe pumzika tu, mama, usijisumbue," akabeba ngazi, akazunguka nje, akatoboa kutoka huko kwa kukadiria.

Mama alipokwenda kuoga, fundi aliingia mbio, akasimama kwenye ubao wa kitanda kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku. Akaona tundu limetokea vidole viwili chini ya mahali alipokusudia. Aliliona kabisa. Maana yake mteremko umeelekea ndani badala ya nje. Mara akasikia bomba la bafuni linafungwa. Akajiambia vidole viwili si kitu, akaning'iniza chombo, na tundu likajificha nyuma yake. Pimamaji, ya kupimia mteremko, ilibaki kwenye mkoba, na kopo la maji hakuliomba.

Miezi miwili ya kwanza hewa ilikuwa kavu na jasho lilikuwa kidogo. Mvua zilipokaribia, hewa ikawa nzito kama blanketi, na kiyoyozi kikaanza kutoa maji kwelikweli. Maji yakafika kwenye tundu, yakakuta mlima, yakarudi. Yakateremka ukutani kimyakimya, nyuma ya kitenge ambacho mama alikitundika kwa sababu rangi ya ukuta ilikuwa inamwachia unga mgongoni. Mwisho wa kitenge palikuwa na godoro.

Mkewe fundi ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alikuta shuka la mama limeanikwa nyuma ya tangi, mahali ambapo hapaanikwi kitu. Siku ya pili akakuta tena. Siku ya tatu akaingia chumbani kabla mama hajaamka, akapitisha mkono, akatoka akiufuta kwa kanga. Godoro lilikuwa na doa la manjano lenye ukungu pembeni, lina harufu ya kitu kilichokaa. Mama mtu alipoulizwa alisema amemwaga maji ya kumezea dawa. Alisema hivyo mara mbili. Mara ya tatu aliinuka akaenda kuanua shuka.

Ikanunuliwa nailoni ya kutandika juu ya godoro. Mama akaacha chai ya jioni, kisha akaacha maji kuanzia mchana, mpaka midomo ikampasuka. Godoro likaendelea kulowa. Akawa anakaa mbali na watu, ameikunja kanga mapajani kwa mikono miwili, na akiinuka hugeuka kwanza kutazama kiti alichokalia.

Mjukuu wake, binti wa miaka sita ambaye mwenyewe aliacha kukojoa kitandani juzijuzi tu, akaamua kumsaidia. Walikuwa mezani, wali unapakuliwa.

"Bibi, mimi mama alikuwa ananiamsha," alisema. "Na wewe mwambie akuamshe. Utapona."

Mkewe fundi alimfinya mtoto chini ya meza. Lakini aliyecheka, kabla hajaweza kujizuia, alikuwa fundi. Kicheko kifupi cha puani tu. Mama alikisikia. Aliweka kijiko chini, akashukuru kwa chakula ambacho hakukigusa, na kabla hajaondoka akasema Jumamosi apelekwe kwake. Kama ni kuchafua, alisema, anataka akachafue kwake. Bintiye akamkumbusha joto na maneno ya daktari. Mama akajibu kwamba joto humuua mtu mara moja tu.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu mchana mkewe alimwomba fundi amsaidie kulitoa godoro juani. Fundi aliingia huku akiangalia sakafu, akashika upande wa ukutani, na mgongo wa mkono wake ukasugua kitenge. Kitenge kilikuwa chepechepe.

Akakiinua kidogo. Ukutani palikuwa na mchirizi wa rangi ya chai hafifu, umeanzia nyuma ya kiyoyozi umeshuka wima mpaka kitandani. Vumbi la ndani ya chombo, likichanganyika na maji, ndilo lililopaka lile doa. Tangu ujana wake alikuwa ameiona michirizi ya namna hiyo kwenye nyumba za watu, akawacheka mafundi walioisababisha.

"Vipi?" mkewe aliuliza kutoka upande wa pili.

"Zito," fundi akasema, akakiachia kitenge.

Jumanne mama alipelekwa zahanati kupimwa kibofu. Walipopotea tu kwenye kona, fundi akaleta ngazi. Akateremsha chombo, akaziba lile tundu kwa simenti nyeupe, akatoboa jipya akiwa amesimama juu ya kitanda, kutoka ndani kwenda nje, pimamaji mkononi. Akaufunga mpira kwa klipu ili usilegee na kutengeneza tumbo. Akamimina kopo la maji, akakimbia nje. Yalitoka kama mkojo wa farasi, na neno hilo lilipomjia kichwani akajiona kama amejitemea mate. Akafuta ukuta, akapaka rangi mahali penye mchirizi, akarudisha kitenge kilichokwisha kukauka. Waliporudi walimkuta anatengeneza feni ya jirani uani, anapiga mluzi.

Jumatano asubuhi godoro lilikuwa kavu. Alhamisi pia. Mkewe alikaribia kulia kwa furaha, akavisifu vidonge vya zahanati, akampigia simu dada yake kumweleza kwamba mama amepata nafuu. Hapo ndipo fundi alipojua kwamba dada mtu alikuwa ameshaambiwa mwanzo wa habari. Alijifariji kuwa yamekwisha: mama amekauka, jina la fundi limesalimika, nani kaumia? Lakini mama hakunywa maji. Alimeza vidonge vyake kwa mate, na safari ya Jumamosi ikabaki palepale. Bintiye alipomuuliza kwa nini aondoke na hali amepona, alijibu kwamba nguo inaweza kukauka na jicho lililoiona likabaki.

Usiku huo fundi alimsikia mkewe akikohoa, akataka kumwambia, akageukia ukutani.

Ijumaa mchana alipita mbele ya chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa anapanga nguo kwenye mfuko, na juu ya nguo aliiweka ile nailoni, ameikunja vizuri mara nne kama kitambaa cha meza. Fundi akasimama.

"Ingia, baba," mama alisema. "Mbona umesimama kama mdai?"

Hakuingia. Akiwa ameshika fremu ya mlango alieleza yote, kuanzia ngazi na tundu mpaka rangi aliyopaka juu ya mchirizi. Alilieleza kifundi, vidole viwili hapa, mteremko pale, kwa sababu hakuwa na maneno mengine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya nailoni.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu, mama."

Mama akahesabu kwa kidole gumba. "Jumanne nilivuliwa nguo mbele ya daktari ambaye ningeweza kumzaa. Jumatano na Alhamisi nimemeza vidonge vya watu wagonjwa." Akainua macho. "Kwa nini ulitoboa kutoka nje?"

"Nilikuonea haya. Ningewezaje kupanda kitanda chako?"

"Kwa hiyo uliona haya kukipanda," mama alisema polepole, "hukuona haya kukilowesha."

Fundi uso ulimwaka kama aliyeinama juu ya mkaa. Angependa atukanwe, lakini mama hakumtukana. Alimwambia tu amwite mwenzake na mtoto, na alete kopo la maji na ndoo.

Walipofika, fundi alirudia yote mbele yao. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mkewe aliacha kumtazama yeye akaanza kutazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikilipapasa godoro kila alfajiri. Mtoto alikunja uso akifikiri.

"Kumbe aliyekojoa ni baba," alisema.

Hakuna aliyemfinya.

"Panda," mama alimwambia fundi. "Fanya kama unavyowafanyia watu."

Fundi akavua viatu, akapanda kitanda cha mama mkwe wake huku mwenyewe amekaa kwenye kiti kilichokuwa miguuni pa kitanda, anamtazama. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole. Akafungua kifuniko, akamimina maji kwenye trei. Mtoto alikuwa ameshakimbilia nje na ndoo. Wakasubiri. Kisha sauti yake ikapita dirishani, ikisema yanatoka, yanatoka mengi.

Mama akageuka kwa bintiye. "Dada yako naye apigiwe simu."

"Nitampigia, mama."

"Wewe hapana. Fundi."

Mkewe akampa simu palepale alipokuwa amesimama, kichwa kikikaribia dari. Shemeji yake alipopokea, fundi akasema ni kuhusu mama, hakuwa mgonjwa, ni yeye fundi ndiye aliyekosea. Upande wa pili ukauliza amekosea nini, na ikabidi aanze tena kutoka kwenye ngazi.

Alipokuwa anaeleza, mama alimwomba bintiye maji. Akaletewa glasi. Akayanywa yote bila kupumzika, koo likipanda na kushuka, akairudisha glasi na kuomba nyingine. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, saa ambayo kwa wiki tatu hakuthubutu hata kulowesha ulimi. Ya pili akainywa taratibu zaidi. Halafu akaitoa nailoni kwenye mfuko, akaiweka kitandani karibu na soksi za fundi.

"Ukishuka, utaondoka na hiyo," alisema. "Na nguo zangu uzirudishe kabatini wewe mwenyewe. Usisahau za ndani."

Fundi alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye vile vidole viwili, na shemeji yake alikuwa ameanza kucheka.