Elektroni Iliyojisukuma

"Mbona unaitazama kompyuta kama mgonjwa mahututi?" fundi wa maabara aliuliza, akiweka kikombe cha chai kando ya kibodi.

"Haijamaliza."

"Si ilimaliza wiki iliyopita? Grafu yako tumeshaibandika ukutani, dada. Hata Mzee Nukta alitabasamu."

Mtafiti hakucheka. Mzee Nukta, mkuu wa idara, hakuwa mtu wa kutabasamu. Kazi yake ilikuwa kutia nukta mwisho wa sentensi za wenzake. Lakini grafu ile ilimlainisha. Fundi alikuwa amekipima kifaa chake cha silikoni, chembamba kuliko unywele mara maelfu, katika baridi kali, na vipimo vikawa vitone vyeusi kwenye karatasi. Ndani ya kifaa alikaa mgeni mmoja: atomu ya fosforasi, iliyoishika elektroni yake ya ziada kwa ulegevu, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi huku anapiga soga. Mtafiti alitakiwa kukokotoa nishati ya kuing'oa elektroni hiyo katika kila kiwango cha umeme. Mstari wake mwekundu ukapita juu ya vitone vyote. Mchana huu wageni wanaotoa fedha walikuwa wanakuja kuutazama mstari huo, kisha waamue kama mradi utaendelea.

Asubuhi, akipiga mswaki, ndipo alipolikumbuka sanduku.

Silikoni yote haienei kwenye kompyuta. Mtu hukata kipande, hukiita sanduku, na kompyuta hukirudia pande zote, kama vioo viwili vinavyotazamana. Sanduku likiwa dogo, elektroni iliyotapakaa huvuka ukuta, hukutana na nakala yake na kujisukuma yenyewe. Hesabu hutoka imepinda, na haipigi kelele. Alikuwa amechagua sanduku dogo ili kazi iishe haraka. Sasa kompyuta ilikuwa inatafuna sanduku kubwa.

"Nikikuambia mstari ule ni uongo?"

"Nitakuambia mke wangu kajifungua juzi, na mkataba wangu unaisha pamoja na mradi. Kisha nitainywa hiyo chai mwenyewe."

"Sitanii, kaka."

"Kwani mimi natania?" Fundi alivuta kiti. "Waonyeshe ule wa zamani. Huu utaurekebisha wakishaondoka. Nani atagundua?"

"Mimi nimeshagundua."

Simu ya mtafiti ikalia. Mama yake alitaka kujua kama atomu imepona.

"Bado, mama."

"Basi kula kwanza. Haitakimbia."

Alipokata simu, namba kwenye skrini zilikuwa zimetulia. Alichora mstari mpya. Ulikuwa na umbo lile lile, lakini umezama chini ya vitone, haukigusi hata kimoja. Fundi aliutazama, akachukua kikombe, akatoka. Chai ilikuwa haijaguswa.

Chumba cha mkutano kilijaa. Mtafiti aliweka mistari yote miwili ukutani.

"Huu wa chini sikuuona," alisema Mzee Nukta.

"Wa juu una kosa langu. Sanduku lilikuwa dogo, elektroni ikawa inajisukuma yenyewe. Wa chini ndio sahihi, na haufiki kwenye vipimo."

Mgeni mmoja alifunga kalamu yake. Kiti kilikwaruza nyuma. Fundi alikuwa amesimama.

"Keti," alisema Mzee Nukta.

Hakuketi. Alipita kati ya magoti ya watu mpaka ukutani, akaweka kidole katika pengo kati ya mstari na vitone. Akakisogeza taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Pengo halikupanuka wala kupungua.

"Vipimo vyangu nimevirudia mpaka nimechoka," alisema bila kugeuka. "Havijakosea."

"Hesabu nayo haijakosea. Safari hii."

"Basi hapa katikati pana nini, kisichoyumba hivi?"

Mtafiti alisogea karibu na ukuta. Nyuma yake Mzee Nukta alikuwa ameandika sentensi moja, na ncha ya kalamu yake ilining'inia juu ya karatasi, haishuki kutia nukta.