Vumbi la Kibano

Pale maabara walimwita Maswali. Jina hilo alipewa na Mjomba, fundi wa mitambo, wiki ya kwanza tu alipofika kusomea uzamivu. Mjomba alikuwa na miaka thelathini na minne kazini, na hata profesa alimwita Mjomba. Aliweza kuweka kiganja juu ya pampu akakwambia inaumwa wapi.

Kazi yao ilikuwa kuotesha tando. Ndani ya tangi lililonyonywa hewa, leza ilipiga kidonge cha kauri, mvuke wa zambarau ukaruka na kutua juu ya kipande cha fuwele kisichozidi ukucha, tabaka juu ya tabaka, hadi ukapatikana utando mwembamba karibu mara elfu kuliko unywele. Utando wa namna hiyo ukipozwa kwa baridi kali hupitisha umeme bila kizuizi chochote, tena huisukuma sumaku mbali nao.

Sasa, tando za Maswali zilikuwa na jambo. Zikiwa baridi zilisukuma sumaku vizuri tu, lakini zikipata joto zilibaki na usumaku kidogo wa kwao wenyewe, ambao hakuna aliyeutarajia. Profesa alipoona mstari wa usumaku huo kwenye mchoro alishindwa kukaa kitini.

"Andika makala," alisema. "Hii itakutoa."

Miezi miwili Maswali alilala na kuamka na makala hiyo. Kilichomtia shaka ni tando tatu alizootesha peke yake, Mjomba akiwa likizo. Hazikuwa na usumaku hata chembe. Akarudia vipimo, mambo yakawa yaleyale. Mjomba aliporudi, Maswali alichukua kipande kitupu cha fuwele, ambacho Mjomba alikuwa amekishika tu, akakipima. Mstari uleule ukajichora kwenye kioo cha kompyuta.

Kesho yake asubuhi alisimama kando akamtazama Mjomba akipakia tangi. Trei ilikuwa na vibano vya plastiki vya kushikia vipande. Mjomba aliviacha, akatoa kingine mfukoni mwa koti.

"Mjomba, hicho ni cha chuma."

Mjomba alimaliza kupakia, akafunga mlango wa tangi, ndipo akakaa.

"Cha plastiki kinaniponyoka, binti yangu. Tangu mwaka jana vidole havinisikii. Nikiangusha vipande mbele za watu, watasema nimekwisha." Akamwangalia. "Kwani kimeharibu nini?"

Maswali akamweleza. Chuma kinakwaruza ukingo wa fuwele na kuacha vumbi ambalo jicho halilioni, lakini mashine ya kupima usumaku inaliona.

"Na makala yako?"

"Hakuna makala."

Maswali alitoka hadi kwenye korido akalia kwa hasira, uso ameuelekeza ukutani. Alimkasirikia Mjomba, kisha akaikumbuka ile mikono iking'ang'ania kibano, hasira ikakosa pa kukaa. Alirudi amejipangusa.

"Nitamwambia profesa vipande vilichafuka. Si lazima ajue vilichafukaje."

"Atauliza," Mjomba alisema. "Nitamjibu mimi."

Wakaenda wote wawili. Profesa aliwasikiliza mpaka mwisho, kalamu ikizunguka vidoleni.

"Afadhali nimeyasikia kwenu kuliko kwa watu wa nje," alisema hatimaye. "Mjomba, umemwona daktari?"

Hakuwa amemwona. Alikwenda wiki hiyohiyo, na dawa zikapunguza mtetemeko wa mikono, ingawa haukuisha. Kupakia vipande hakukuwa tena kazi yake. Alikaa kwenye kidirisha cha tangi akisoma rangi ya mvuke. "Ongeza oksijeni kidogo," alikuwa akisema, "hapo, acha," na tando zikatoka laini kuliko zamani.

Maswali alimaliza masomo mwaka mmoja nyuma ya wenzake, kwa kazi ndogo kuhusu jinsi kasi ya kuotesha inavyobadilisha kiasi cha usumaku unaopenya kwenye utando. Haikumshangaza mtu. Sura moja aliitenga kwa ajili ya vumbi la chuma, akaandika kwamba kosa lilitokea katika maandalizi. Mjomba aliisoma rasimu, miwani ikiwa puani.

"Weka kwamba ni mimi, na kwa nini," alisema. "Pengine kuna mzee mwingine mahali anaficha mikono mfukoni."

Maswali akavuta kiti karibu naye, wakaiandika upya pamoja.