Kamba ya Kiatu cha Balozi

Katika ukoo wetu hajazaliwa wa kunishinda kwa mwendo. Na kweli hajazaliwa, maana hakuna aliyewahi kujisumbua kushindana nami, na siku hizi nikitoka kitandani kwenda chooni napumzika kwenye kiti katikati ya safari.

Mwendo uko kwa mdogo wangu. Tangu ugonjwa wa kusahau umwingie, hatulii. Anazunguka sebuleni mpaka jikoni, jikoni mpaka mlangoni, anashika kitasa: "Twende?" Anataka kutoka tu, afike pale kona, aone watu, arudi. Peke yake hatuthubutu kumwacha. Juzijuzi nusura lori limpitie. Magoti yangu yalishaniaga. Amebaki mwanawe.

Huyo mwanawe ni wakala wa bima, mwenye tumbo linalofika kabla yake. Ofisini kwao wameanzisha changamoto: mwezi mzima utembee kila siku, watu wakuchangie, michango iende kwa wagonjwa kama mama yake. Jambo jema, limeangukia mikono mibovu. Akajipa cheo, Balozi. Akanunua viatu vya mazoezi vyenye kamba nyekundu, na saa ya kuhesabu hatua. Kila jioni anasimama barazani mbele ya simu, amejinyunyizia usoni maji ya kile kichupa cha kupigia pasi, anahema: "Ndugu zangu, leo tena nimetembea na mama yangu, mkono kwa mkono!" Watu wanamtazama papo hapo, wanamtumia mioyo. Mioyo! Na mama yake yuko ndani, komeo la nje limefungwa, anauliza mlango: "Twende?"

Siku moja nikaiona ile saa mkononi mwa mdogo wangu. Mkanda ulishakatika, imefungwa kwa kamba nyekundu, fundo juu ya fundo asiivue.

"Nimemvalisha ajue saa, mama mkubwa," Balozi akaniambia.

"Mtu asiyejua mwaka?"

"Inamtuliza."

Haikumtuliza. Kila hatua mia tano zikitimia saa inatetemeka, naye maskini anageukia mlango: "Karibu!" Alidhani kuna mtu anapiga hodi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini ng'ombe anayekamuliwa na anayekunywa maziwa najua kuwatofautisha. Wezi wa kuku nimewaona wengi. Mwizi wa miguu ya mama yake ndiyo kwanza namwona.

Jioni ile Balozi alipoanza kuhema kwenye simu yake, nikanyoosha mkono nyuma ya kiti changu pale barazani, nikalegeza komeo, nikaendelea kuchambua mchele.

"Na leo mama kacheka njia nzima," anaiambia simu.

Ndani, saa ikatetemeka.

"Karibu! Karibu!" Mdogo wangu akasukuma mlango, huyo nje, uso umechanua. Akamwona mwanawe. "Twende?"

Balozi akamkumbatia, kwa ajili ya simu. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijalimeza: "Mama jamani, si tumetoka kutembea sasa hivi? Umesahau."

Mdogo wangu akatahayari. Akainamisha macho kama mtoto aliyekojoa kitandani. Huko chini ndiko alikoviona viatu. Kimoja kimefungwa barabara. Kingine kimeachama, ulimi nje.

"Utaanguka, baba," akasema. Akachuchumaa, kama alivyokuwa akimchuchumalia asubuhi za shule, akatafuta kamba asiione. Akaiona mkononi mwake mwenyewe, imeshika saa. Akaanza kufungua mafundo.

"Mama, acha! Mama mkubwa, mshike!"

"Magoti," nikasema.

Fundo la mwisho likaachia, saa ikadondoka sakafuni mbele ya simu. Mdogo wangu wala hakuitazama. Anapitisha kamba tundu kwa tundu, taratibu, ulimi umemtoka kwa bidii, mpaka kiatu kikafanana na mwenzake.

"Balozi," nikamwita, kwa sauti ya kutosha simu isikie, "hebu nieleze na mimi nijue. Huko mlikotoka kutembea, kiatu hiki ulikifunga na nini?"