Pumzi Iliyofungwa Jiweni

Ncha ya drili iliruka, ikachora mstari mweupe juu ya jiwe la mazoezi, na Fundi Meno akatoa neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mwanamke. Daktari wa miamba, aliyesimama nyuma yake akijifanya anapanga vichupa, akajifanya pia hakusikia.

"Hilo lilikuwa la kujaribia tu," fundi alisema.

"Najua, Fundi."

"Basi usinihemee shingoni. Hata jiwe linaogopa."

Jina la Fundi Meno alilipata kihalali. Ujana wake wote alikuwa msaidizi katika kliniki ya meno, mpaka kliniki ikafungwa na drili zake zikanunuliwa na maabara hii. Yeye alikuja pamoja na drili, kama kifuniko kinavyokuja na sufuria. Wataalamu walitaka mtu wa kutoboa mawe polepole na kukusanya unga wake, na yeye alizijua tabia za zile drili. Watu wakimuuliza kama hajawakumbuka wagonjwa wake, alijibu kwamba wagonjwa wa sasa hawapigi kelele na hawajamng'ata mtu kidole.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa mmoja: jiwe la kijivu lisilojaza hata ngumi, kutoka kwenye kilima ambacho hakipo tena. Kiwanda cha saruji kilikilipua kilima chote, kikakisaga, na huenda leo ni ukuta wa choo cha mtu. Bahati nzuri Daktari alikuwa amekipanda kabla ya baruti, akichukua jiwe katika kila tabaka. Mengine yote yalikuwa yameshapimwa. Hili moja la katikati aliliacha nyuma kwa sababu lilikuwa na mishipa myeupe huku na huku, na kila aliyelitazama aliguna.

Mishipa hiyo ililetwa na maji yaliyopenya ardhini baadaye sana, jiwe likiwa limeshazeeka. Kwenye kijivu mna bahari ya kale. Kwenye weupe mna maji ya wapita njia. Ncha ikigusa weupe, unga unachanganyika, na mashine inatoa jibu la uongo bila kupepesa macho. Kati ya mishipa ile palikuwa na kipande kimoja tu cha kijivu safi, upana wake kama punje ya mchele.

Na mkono wa kulia wa fundi ulikuwa unatetemeka. Ulianza baada ya homa kali, kwanza kidole gumba, kisha kiganja kizima. Asubuhi ile kikombe kilikuwa kimegongagonga sahani mpaka mkewe akaweka mkate chini.

"Leo kikombe kinaimba," alisema. "Mwambie Daktari atafute mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mume wangu."

"Kwa hiyo mimi ndiye koleo?"

"Ndiwe. Koleo langu. Kunywa chai, ikipoa usinilaumu." Kisha, alipokuwa anavaa viatu, akamwambia kwamba jioni atampitia kazini warudi pamoja.

Sasa fundi alilitoa jiwe la mazoezi kwenye jiliwa, akalibana lile lenyewe. Akaliangalia kwa kioo cha kukuza kwa muda mrefu.

"Niambie tena," alisema.

Daktari alikuwa amemweleza mara nyingi, lakini alivuta kiti. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejituliza mwenyewe.

"Kilima kile kilikuwa tope la chini ya bahari. Zama za Kambria, Fundi. Nchi kavu ilikuwa uchi, hakuna mti, hakuna hata jani la nyasi. Uhai wote tunaoujua ulikuwa majini. Na viumbe vya majini, vikijijenga, vinachagua kaboni nyepesi kuliko nzito."

"Kama wabeba mizigo."

"Hasa. Vikifa na kuzikwa kwenye tope kabla havijaoza, ile nyepesi inazikwa navyo. Nzito inabaki majini, na chokaa ya jiwe kama hili inaihifadhi. Kwa hiyo nikikuta nzito imepanda ghafla ndani ya jiwe, najua bahari ilikuwa inazika wafu wengi kuliko kawaida. Kule chini hewa ilikuwa imekwisha. Vile vidudu vyenye magamba vilivyokuwa vinatambaa kule vilikufa makundi kwa makundi."

"Bahari ilikosa pumzi."

"Ndiyo. Wenzetu wameyaona hayo kwenye mawe ya mabara mengine. Hapa kwetu, mawe ya chini yanaonyesha kaboni nzito inaanza kupanda, ya juu yanaonyesha inashuka. Katikati sina kitu. Nina hili tu."

"Nikiliharibu?"

"Hatutajua. Mimi, wewe, na atakayekuja baada yetu." Alikunja mikono. "Ukitaka, nitatoboa mimi."

"Wewe mara ya mwisho ulitoboa glavu."

"Nilitoboa na kidole, hukuona tu."

Wote wawili wakacheka, na kicheko kikaisha haraka. Fundi alivaa barakoa, akakilaza kifundo cha mkono juu ya kifuko cha mchanga, akawasha drili. Ncha ilikaribia jiwe. Ilicheza kushoto, weupe; ikacheza kulia, weupe. Akaizima. Alijaribu tena, akaizima tena. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, na alihisi roho iko mkononi, kwenye mkono uleule usiomsikia.

"Daktari," alisema, "ninaogopa."

"Hata mimi."

Fundi akautazama mkono ukirukaruka juu ya kifuko. Halafu akageuka. "Unajua kliniki kazi yangu kubwa ilikuwa nini? Kushika wagonjwa. Mtu akitetemeka, daktari hawezi kutoboa, basi mimi namshika kichwa namwambia apumue. Leo mgonjwa ni mimi. Nishike."

Daktari alisogea. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza kwenye mchanga, mara ya kwanza kwa haya, kisha kwa nguvu. Mtetemo ukapanda kwenye viwiko vyake mwenyewe, na huko ukapungua.

"Sasa pumua," fundi alimwambia. "Si mimi tu. Sote. Tukitoa pumzi, natoboa. Tukivuta, nasimama."

Wakatoa pumzi. Drili ikalia sauti nyembamba, na unga wa kijivu ukaanza kudondoka juu ya karatasi, kidogo kama chumvi ya kuonja mchuzi. Wakavuta, ikanyamaza. Waliendelea hivyo, watu wawili na kifua kimoja, mpaka fundi aliposema, "Basi," kwa sauti ambayo haikutoka vizuri.

Daktari alikichunguza kitundu kwa kioo. Ukingo wake ulipakana na mshipa kwa unene wa unywele.

"Hukugusa," alisema. "Fundi, hukugusa!"

Kwa kawaida, unga ukishaingia kichupani fundi alinawa mikono akaenda zake. Leo alibaki. Daktari aliufunga mdomo wa kichupa, akachoma sindano kwenye kifuniko, akadondosha asidi. Unga ukachemka. Viputo vidogo vikapanda kwa fujo, kama watoto wanaotoka darasani.

"Hiyo ni nini?"

"Kaboni ya ile bahari, imegeuka hewa. Ilifungwa humo karibu miaka milioni mia tano. Wewe ndiye uliyeifungulia."

Fundi alivua kofia bila kujua. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akanong'ona, "Pole na safari."

Daktari hakucheka. Aliingiza kichupa kwenye mashine, wakakaa kwenye viti viwili hadi nukta moja nyekundu ikatokea kwenye skrini. Haikukaa chini pamoja na zile za mawe mengine. Ilikuwa juu, juu kabisa, peke yake, na mstari ukakimbia kutoka upande huu hadi upande ule ukapita katikati yake.

"Bahari ya hapa kwetu nayo ilipatwa," Daktari alisema. Machozi yakamtoka akiwa anatabasamu.

Fundi alifurahi, kisha akashikwa na huzuni ambayo hakuitarajia. Vidudu vile vyote, kwenye giza la chini, na hakuna aliyeviombolezea mpaka leo.

"Ikishapimwa, hewa hiyo inakwenda wapi?"

"Pampu inaitoa. Kuna bomba nyuma ya jengo."

Mkewe alimkuta huko jioni, kando ya tangi la maji, amesimama mbele ya bomba dogo lililotokeza ukutani. Alipoona macho yake mekundu, mkoba ukamshuka begani.

"Umeliharibu?"

"Hapana."

"Sasa mbona umesimama na bomba kama mtu anayesubiri salamu?"

"Njoo, Mama Watoto."

Alikwenda, akiguna. Fundi akamshika mkono kwa mkono wake unaotetemeka, akaupeleka kwenye mdomo wa bomba. Kilichotoka kilikuwa pumzi hafifu, vuguvugu, isiyoweza hata kuzima kiberiti.

"Ni hewa tu," mkewe alisema.

"Ndiyo."

Watu wa ofisini walikuwa wanatoka, wakawapita wakiwaangalia kwa pembe za macho. Mama Watoto hakuuondoa mkono.