Betri ya Ukweni

Telesphori alinunua pikapu yake Shinyanga mjini, kwa mtu aliyekuwa anafunga duka na kuhama. Ilikuwa Pijo iliyokwishatumika miaka kadhaa, lakini rangi ilikuwa bado imeshika, na mlango ukiufunga unatoa kishindo cha heshima. Hakuwaza mafuta wala barabara. Aliwaza sura za wakwe zake kule Masumbwe watakapomwona akishuka, na mke wake Generoza akishuka upande wa pili.

Machoni pake gari lilikuwa na doa moja tu. Kila akizungusha ufunguo, kabla injini haijashika, taa nyekundu inawaka pale mbele ya usukani. Walipofika Samuye wakasimama kunywa chai, na jamaa mmoja asiyejua hata boneti inafunguliwa upande gani akachungulia dirishani, akatangaza kwamba gari linalowasha nyekundu limekwisha roho. Mgahawa mzima ulicheka. Telesphori naye alicheka, lakini chai hakuimaliza. Karibu na Masumbwe, Generoza akiwa amesinzia, alisimamisha gari, akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi, akaichomoa ile globu na kuitupa majanini. Doa likaisha.

Siku tatu pale ukweni alizunguka nalo kama bwana harusi. Akapeleka shangazi kanisani, akaleta magunia ya mpunga, akawazungusha watoto sokoni bila sababu. Siku ya nne ilikuwa sherehe ya ubatizo wa mtoto wa Otmar, kaka yake Generoza, na nyumba ilifurika hata waliokosa kiti wakakaa juu ya vinu. Otmar akamwomba shemeji yake betri ya gari wapigie santuri. Telesphori akasema chukua, tena kwa sauti, ili wasikie wote. Watu wakacheza mpaka jua linazama.

Asubuhi betri ikarudishwa mahali pake. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, kikatoka kijisauti cha kuku aliyebanwa. Wageni waliolala pale walitoka na miswaki mdomoni kutazama. Ndipo maneno yakamtoka, na ulimi, kama wasemavyo, hauna mfupa.

"Betri yangu ilikuwa nzima. Aliyeigusa ni mmoja. Mmenibadilishia."

Hayo aliyasema ukweni. Mtu ambaye kwa desturi hata kula mbele ya mama mkwe hawezi, alisimama uani pake akamwita mwanawe mwizi, na mama mkwe akiwa nyuma ya mlango, anasikia kila neno. Generoza alishusha mzigo wake aliokwisha kuupandisha garini, akasema hapandi mpaka ijulikane mwizi ni nani. Akiwa ni kaka yake, atamwomba mumewe msamaha kwa niaba ya ukoo. Asipokuwa yeye, basi Telesphori ajue mwenyewe atarudi vipi katika uwanja ule.

Otmar, mtu wa maneno machache, alisema waende Geita, mtaa wa Kalangalala, kwa fundi Bujiku. Betri ikionekana mbovu, atajipeleka mwenyewe kituoni.

Wakaipeleka betri kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa na chaja, ikashinda pale na kulala. Kesho yake gari likawaka mara moja, nao mashemeji wawili wakaenda hadi Geita bila kuzima injini. Telesphori alikuwa anapanga moyoni atakavyosema yule fundi akishathibitisha.

Kijiweni kwa Bujiku watu hawakosekani. Wanunuzi wa dhahabu, wachimbaji wenye udongo mwekundu kwenye nyusi, na mama wa maandazi aliyejua habari za magari yote ya wilaya. Telesphori akawaeleza kisa bila kuulizwa, akawaonyesha na mtuhumiwa kwa kidevu. Otmar alikuwa anatazama viatu vyake.

Bujiku alifungua boneti, akanyonya maji ya betri kwa kipimo, chumba kimoja kimoja. "Betri nzima hii," alisema. "Na mbovu ingekufikishaje hapa kutoka Masumbwe?" Akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, umekaza. Akavuta nyaya, zimeshika. Kisha akaweka mita kwenye betri na kumwambia Telesphori akanyage mafuta. Injini ikanguruma, lakini mshale wa mita haukupanda hata unywele. Alteneta, ile inayochaji betri, ilikuwa inazunguka bure. Betri ilikuwa inakula akiba yake yenyewe, na santuri ilimalizia makombo.

Akamwambia azime, kisha afungue ufunguo bila kuwasha injini. Akainama kutazama dashibodi.

"Hapa huwa pana taa nyekundu. Iko wapi?"

Telesphori aliinama naye, kama anayeitafuta. Bujiku alikuwa anawaeleza wote kwamba taa ile si ugonjwa, lazima iwake kabla ya injini, kwa sababu umeme wa kuiamsha alteneta unapitia humo humo. Ukiitoa, alteneta inalala.

"Ndivyo alivyoniuzia yule mwenye duka," Telesphori alisema.

Mama wa maandazi akasonya, akasema aliyemuuzia ni mwizi hasa, na wote wakaitikia kwamba wenye maduka ndivyo walivyo. Otmar aliinua macho akamtazama shemeji yake, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu. Telesphori akaona kwamba katika juma moja alikuwa anampata mwizi wa pili.

"Mimi niliitoa," alisema, akitazama ardhi. "Niliogopa ukweni wataiona."

Watu wa kijiwe hata kucheka hawakucheka, na hilo lilimuumiza kuliko kile kicheko cha Samuye. Bujiku alichomeka globu nyingine, taa ikawaka, injini ikashika, taa ikazimika, na mshale wa mita ukapanda wenyewe.

Njiani kurudi, akiwa na gari lisilo na ugonjwa, Telesphori alijaribu bahati yake.

"Shemeji, ukiwaeleza wewe itakuwa nyepesi."

"Siku ile hukunituma niseme," Otmar alijibu.

Walifika Masumbwe jioni haijaingia. Generoza alikuwa anapepeta mchele, hakunyanyuka. Telesphori alisema anataka kuzungumza na wazee ndani, faragha. Jibu likatoka nyuma ya mlango, kwa sauti ya mama mkwe, likielekezwa kwa bintiye, maana kwa mkwe hasemi.

"Generoza, mwambie mumeo tulisikia tukiwa wengi. Tukiwa wengi tutasikiliza."

Watoto wakatumwa nyumba kwa nyumba. Wakaja waliokuwepo siku ile, wakaja na wasiokuwepo, maana habari ilikwishawafikia. Mabenchi yakajaa, vinu vikakaliwa. Bi Anisia wa jirani akaja na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa.

Telesphori akasimama, mikono hajui aiweke wapi. Akasema betri haikubadilishwa na mtu, globu aliitoa mwenyewe, na Otmar hakumwibia kitu.

"Sauti, mkwe," akasema mzee mmoja wa nyuma. "Siku ile tulikusikia mpaka barabarani."

Generoza aliacha kupepeta. Telesphori akavuta pumzi, akaanza upya, safari hii kwa sauti.