Ufa wa Bi Shamsa

Mimi ni Kahangwa, fundi mwashi, na sijui kunyamaza. Uliza mtu yeyote Bukoba. Nikiona tofali bovu nasema, nikiona saruji imeibwa nasema mbele ya mwizi. Mara moja tu maishani nilitakiwa kusema, nikafunga domo.

Mtaa wetu wa zamani, kule chini karibu na ziwa, una nyumba za enzi za Mjerumani. Kila mwaka inaangushwa moja, linapanda ghorofa. Bi Shamsa alizaliwa katika mojawapo, yenye kuta nene za mawe na chokaa. Tetemeko la 2016 liliiachia ufa sebuleni. Mwanawe Riyadhi, anayeishi Mwanza, alikata shauri hivi: fundi Kahangwa akisema ukuta umetulia, mama abaki; akisema unatembea, nyumba ibomolewe, mama ahamie chumba cha kupanga Kashai.

Nikafanya tunavyofanya mafundi. Nilipaka jipsam kukatiza ufa, nikaandika tarehe kwa penseli. Jipsam ikikatika, ukuta unatembea. Kila Jumamosi nilikwenda kutazama, naye kila mara alinitilia kiganjani punje za kahawa nitafune, kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima kwetu. Miezi mitatu, jipsam nzima. Jumamosi iliyofuata Bi Shamsa alikuwa sokoni. Nikaegemeza ngazi niangalie dari, ikaniponyoka, ikagonga jipsam katikati. Ikakatika.

Si ningepaka nyingine? Kazi ya dakika tano! Nikajiambia nitakuja kesho. Kesho yake nikaitwa Kimwani kujenga, nikakaa wiki mbili. Kurudi, Bi Shamsa ameshaiona, ameshampigia Riyadhi, ameshalia akamaliza. Akaniuliza kama ndiyo basi. Nikaona aibu, fundi wa miaka thelathini kushindwa na ngazi. Nikainamisha kichwa kwa huzuni kukubali, mnafiki mkubwa mimi.

Jana nilimbebea vyombo hadi Kashai. Njia nzima alinishukuru kwamba nimemwokoa asifukiwe na ukuta. Kila shukrani ilinichoma, na bado sikusema.

Leo asubuhi katapila limekuja, na Bi Shamsa naye akaja kuiaga nyumba yake. Baraza, paa na vyumba vya mbele vilikwenda mara moja. Likafika kwenye ukuta wa sebuleni, ule wenye ufa. Likasukuma, ukuta kimya. Likarudi nyuma, likasukuma tena kwa nguvu zote. Dereva akazima injini, akashuka kutazama. Watu wakacheka, ati Mjerumani kagoma kuondoka. Bi Shamsa hakucheka. Alinigeukia mimi, akaniita kwa heshima ya Kihaya.

“Waitu fundi, mbona hauanguki?”

Nikamwambia yote palepale mbele za watu: ngazi, Kimwani, aibu yangu ya kijinga. Nilitamani anitukane, hata anizabe kofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye mabati yaliyolala chini.

“Ungeniambia jana,” akasema.

Kisha akamwashiria dereva aendelee.