Gari la Nyumbani Halihesabiwi

Msoma mita alikuwa na macho ya ajabu. Mita ya maji iliyo mbele ya pua yake haikuwahi kumvutia hata siku moja, lakini gari kuukuu likifichwa nyuma ya banda, likafunikwa turubai, likarundikiwa kuni na kulaliwa na paka, angelitambua kwa kipande cha bampa kilichochomoza, akakutajia mpaka mwaka lilipotoka kiwandani. Idara ya maji ilimwajiri asome mita. Yeye alijiajiri mwenyewe kusoma nyua za watu.

Na kazi ilimfaa mno. Nani mwingine hufunguliwa geti na kila mtu, asubuhi na mapema, bila kuulizwa anatafuta nini? Alikuwa akiingia, anasalimia, anainamia kifuniko cha mita, halafu shingo inageuka taratibu kuelekea nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba akilalamika kwamba tarakimu za mwezi huu zinafanana mno na za mwezi jana, alimjibu kwa upole kwamba maji yana tabia zake. Kisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa, "Na lile lililofunikwa kule, mzee, ni la mwaka gani?"

Yote aliyoyaona aliyaandika kwenye daftari la jalada gumu, lenye safu sita alizozipiga mistari kwa rula: tarehe, mahali, aina, rangi, hali, dereva. Ndivyo walivyofanya wote katika kikundi chao, watu kumi na mmoja, watu wazima wenye kazi zao na akili zao, waliotumiana picha za magari ya kale kwenye simu tangu alfajiri kana kwamba kuna atakayekufa asipoziona. Kikundi kilikuwa na sheria kali kuliko za idara ya maji. Picha ziwe tatu: mbele, ubavuni, nyuma. Gari lisiguswe. Safu ya dereva isiachwe wazi. Usipomjua, andika "hajulikani". Na sheria kubwa kuliko zote: gari la nyumbani halihesabiwi. Gari linalolala uani kwako huwezi kusema umeliona, kwani kila mwenye pesa angenunua moja na kujitangazia ushindi. La kuhesabiwa ni lile ulilokutana nalo.

Sheria hiyo haikuwahi kumsumbua, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na gari. Palikuwa na Kopo.

Kopo lilikuwa la mkewe, fundi cherehani aliyeshonea sare shule nne. Alilirithi kwa mama yake mzazi, mkunga, aliyezunguka nalo miaka thelathini akiwahi uchungu wa wake za watu. Lilikuwa kigari kifupi cha milango miwili inayofungukia kinyume, kikikohoa kila kilipowashwa na kunung'unika kila kilipozimwa. Marehemu alikuwa amekipaka kwa brashi rangi ya kijani iliyobaki walipopaka geti. Bampa lilipoanguka, kilichomelewa kipande cha bomba la maji. Taa moja ilikuwa ya pikipiki. Msoma mita alipanda humo mara mbili tu maishani: siku ya harusi, na siku alipovunjika mguu akikimbilia kulipiga picha lori la zimamoto. Mara zote mbili alifumba macho kwa aibu.

Kila Jumatatu na Alhamisi mkewe alijaza mabunda ya sare kwenye Kopo na kuyapeleka shuleni. Bila Kopo sare hazifiki, na sare zisipofika, shule hutafuta fundi mwingine. Kulikuwa na jambo jingine pia. Kiti cha mbele kilikuwa bado na bonde pale mama yake alipozoea kuweka mkoba wake wa ukunga, na binti hakupenda mtu alikalie. Msoma mita alikuwa ameelezwa yote haya zaidi ya mara moja. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mwezi ule, nyuma ya nyumba ya kinyozi mmoja, aliona kitu kilichomkata pumzi. Lilikuwa gari la kusambazia mikate la zamani sana. Halikuwa na magurudumu, injini, viti wala sakafu, na kuku walitagia mahali pa usukani. Lakini lilikuwa na pua. Pua ya namna ile, alisema huku sauti ikimtetemeka, ilitengenezwa kwa miaka miwili tu. Aliliandika daftarini papo hapo, kabla halijawa lake, ili sheria isimguse. Kinyozi alimwambia alichukue, na kuku pia akitaka.

Jioni alimkuta mkewe kwenye cherehani.

"Mke wangu, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi kulichukua Kopo."

Mkewe hakuinua macho. "Nani kamwita?"

"Mimi. Uani hapatoshi magari mawili."

"La pili liko wapi?"

"Linakuja."

"Linakuja lenyewe?"

"Linavutwa. Ni gari la nadra, huwezi kuelewa. Hilo lako ni bati na kelele tu. Utapanda basi kama wenzako."

Cherehani ilinyamaza. "Na mabunda nitayabeba kichwani? Sikiliza, mume wangu, nitasema mara moja tu. Kopo likitoka kwenye geti hilo lisirudi, na mimi nimo ndani yake."

Msoma mita alicheka. Aliona mkewe huwa na utani mzuri akichoka.

Jumamosi kikundi kizima kilifika kuliona gari la mikate, wamevaa kofia na kuning'iniza kamera shingoni. Mkuu wao alikuwa daktari wa meno, mtu ambaye neno lake kuhusu gari lolote halikukatiwa rufaa. Gari la mikate lilikuwa limewekwa juu ya mawe nje ya ukuta, likisubiri nafasi. Mnunuzi wa vyuma naye alikuwa ameshafika na kigari chake cha mizigo, ameegemea mlango, anakula njugu. Mkewe hakuwapo, shule moja ilikuwa na mahafali, akawa ametoka asubuhi kupeleka mashati.

Msoma mita alisimama mbele ya ile pua, akakohoa, akaanza hotuba. Alifika kwenye mwaka wa pili wa utengenezaji wakati kikohozi kingine, kikubwa kuliko chake, kiliposikika kwenye kona. Kopo lilitokea, likawapita wote, likaingia uani na kusimama kwa mguno.

Hotuba ilikosa wasikilizaji. Daktari wa meno alikuwa ameacha mdomo wazi, yeye ambaye kazi yake ni kuwaambia wengine waufungue.

"Shemeji, usizime!" alipiga kelele akikimbia. "Usizime, tafadhali! Linatembea! Jamani, linatembea!"

Alipiga magoti kwenye vumbi kwa suruali yake nzuri, akachomoa kurunzi ndogo mfukoni na kuchungulia chini ya Kopo kwa makini, kama anayetafuta jino lililooza. Aliponyanyuka machozi yalikuwa yakimlengalenga. Kiwanda chenyewe, alisema, kilifungwa kabla yeye hajaoa. Kikundi kizima kiliwahi kuliona moja tu, tena pichani, nalo lilikuwa limekatwa nusu. Hili lilikuwa na joto.

Watu kumi walizunguka kwa simu na kamera. Mbele, ubavuni, nyuma. Madaftari yalifunguliwa.

"Sasa mimi nichukue lipi?" aliuliza mnunuzi wa vyuma.

"Lile," alijibu daktari wa meno, akinyoosha kidole kwenye gari la mikate bila hata kugeuka.

Msoma mita alijikaza kiume. Alisogea, akaweka mkono juu ya paa la kijani, akatabasamu kama mwenye mali.

"Nilikuwa nalihifadhi," alisema.

"Kwa mnunuzi wa vyuma?" aliuliza mkewe, akishuka.

Alijitia hamnazo. Alianza kutoa amri. Kuanzia leo, alisema, Kopo haliendeshwi tena. Kila mwendo ni hasara. Atalijengea banda, atalifunika kitambaa laini, atalitoa mara moja kwa mwaka. Na jina hilo la Kopo likome, ni matusi.

"Na sare zangu?"

"Si nilikwambia? Kuna basi."

Mkewe alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya kelele. "Juzi lilikuwa bati, ukataka niende kwa miguu. Leo ni dhahabu, bado unataka niende kwa miguu. Wewe shida yako si gari."

Msoma mita alikuwa ameshafungua daftari na kuandika tarehe. Daktari wa meno alimshika mkono.

"Mzee mwenzangu. Sheria."

"Sheria gani?"

"Linalala wapi gari hili?"

"Ni la mke wangu, si langu!"

"Nimeuliza linalala wapi."

Msoma mita alitazama kushoto na kulia. Watu kumi walikuwa wakiandika kwa furaha gari la nadra kuliko yote waliyowahi kuyaona, na yeye, aliyelipita kila asubuhi kwa miaka kumi na minne akienda kuchungulia nyua za wengine, ndiye pekee ambaye hakuruhusiwa. Aliomba. Alibembeleza. Alidai wapige kura, akashindwa kumi kwa moja.

"Hiyo ndiyo shida?" aliuliza mkewe. "Kwamba linalala hapa?"

Aliingia ndani. Alitoka na cherehani, akaiweka kiti cha nyuma. Akarudi, akatoka na mabunda ya vitambaa, na sanduku la nguo. Watu wa kikundi walimsaidia kubeba, maana walikuwa na adabu, na pia walitaka kuona ndani.

"Unakwenda wapi?" msoma mita aliuliza.

"Kwa dada. Kuna nafasi ya cherehani na ya gari. Nilikwambia nitakuwa ndani yake."

Aliufunga mlango kwa kishindo.

"Taratibu!" alipiga yowe mumewe. "Bawaba hizo hazipatikani tena!"

Hilo ndilo neno alilomuagia mke wa miaka kumi na minne. Hata daktari wa meno alitazama viatu vyake.

Jumapili nyumba ilikuwa kimya. Msoma mita hakuwa amejua kwamba sauti ya cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlaza usingizi wa mchana. Alichungulia uani: hakuna Kopo, na nje ya ukuta gari la mikate limeshabebwa na mnunuzi wa vyuma, pana nafasi tele. Aliogopa, akakaa jikoni mpaka chai ikapoa.

Jumatatu hakwenda kusoma mita. Alitaka kusimama pale mkewe anapopita, akagundua kwamba hajui anapita wapi. Ilibidi amuulize mlinzi wa shule, ambaye alimweleza njia yote, saa, na hata mahali Kopo huzimika kwenye mlima.

Saa moja na nusu lilitokea. Alipiga picha ya mbele, ya ubavuni. Mkewe alimwona. Alipunguza mwendo kidogo, akapiga honi moja fupi ya adabu, akaendelea. Alipiga ya nyuma.

Aliketi ukingoni mwa barabara na kuzitazama. Kwenye ile ya ubavuni mkewe alikuwa amejisogeza karibu na usukani, ameuma ncha ya ulimi, na kando yake kiti kilikuwa kitupu, mabunda yote yamerundikwa nyuma. Hakuwa amewahi kuona anavyoendesha.

Alifungua daftari. Tarehe. Mahali: mzunguko wa barabara ya shule. Aina aliiandika kwa herufi kubwa. Rangi: kijani cha geti. Hali: linatembea. Kwenye safu ya mwisho mkono ulianza wenyewe, kwa mazoea, kuandika "hajulikani". Alikata, akaandika upya.

Dereva: mke wangu. Hakusimama.